Kutembelea Makumbusho Madogo ya Sanaa ya Dini Chuoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya nimewaandikia walimu wa dini, viongozi wa jumuiya, wazazi na vijana wa Kisumu, Vihiga, Kakamega, Kisii na Nakuru wanaopanga kuingia chuo kikuu kutazama sanaa ya dini. Makumbusho ya namna hii mara nyingi ni chumba kimoja au viwili tu, karibu na maktaba, idara ya dini au kanisa la wanafunzi. Msiyadharau kwa udogo. Mahali penye vitu vichache mtu hupata nafasi ya kusimama mbele ya kimoja hadi akielewe, na hilo ndilo ninalolitilia mkazo karibu katika kila jibu.

Mimi si mwanafunzi wala mhadhiri. Askari wa geti ataniruhusu kuingia?

Ataruhusu, mradi ujitambulishe vizuri. Beba kitambulisho, kwa sababu utaandikwa kwenye daftari la wageni: jina, nambari ya kitambulisho, simu na ofisi unayokwenda. Taja idara na mtu anayekungoja. Ukisema tu "nakwenda makumbusho", askari wa zamu huenda hajawahi kumwelekeza mgeni kwenye chumba hicho.

Ndiyo maana simu ya siku chache kabla ni muhimu kuliko maandalizi mengine yote. Mwenye ufunguo kwa kawaida ni mhadhiri au mkutubi aliye na kazi nyingine, si mtu anayekaa mlangoni akingoja wageni. Epukeni wiki za mitihani na likizo ndefu, na mkisikia kuna mgomo, ahirisheni. Kikundi cha shule kije na barua yenye muhuri, ikitaja idadi ya watoto na majina ya walimu wanaoandamana nao.

Kuna kiingilio?

Makumbusho mengi ya vyuo hayatozi, ila huwa na kisanduku cha mchango. Ulizeni kwenye simu ileile. Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa 1980 na yaliyo chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, hutoza kiingilio, na mtoto hulipa chini ya mtu mzima.

Tutakuta nini humo ndani?

Wengi huja wakitarajia picha za malaika na Bikira Maria ukutani. Hizo ni sehemu tu. Mkusanyiko wa chuo unaweza kuwa na misalaba, vikombe vya altare, mavazi ya ibada, Biblia za zamani za lugha zetu, rozari, tasbihi, au mbao zilizoandikwa aya za Kurani. Lakini ningependa mtazame kwa upana zaidi ya hapo, kwa sababu sanaa ya dini ya upande wetu haikuzaliwa ndani ya fremu.

Wafikirieni waumini wa African Israel Nineveh Church, kanisa lililoanzishwa 1942 na Zakayo Kivuli huko Nineveh, Vihiga. Siku ya Jumapili wanapita barabarani na kanzu nyeupe, vilemba, bendera na ngoma. Bendera hiyo kuna aliyeichagulia rangi na kuna aliyeishona. Ngoma kuna aliyeichonga na kuiwamba. Legio Maria, iliyojitenga na Kanisa Katoliki mwaka 1963 ikiongozwa na Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, nayo ina lugha yake ya rangi katika kanzu za waumini. Kanzu kama hiyo ikitundikwa vizuri, mshono ukaonekana, na msalaba wa kitambaa kifuani ukaonekana, inastahili kutazamwa kwa umakini uleule tunaoipa picha iliyotoka Roma.

Kama chumba mnachokwenda hakina kitu hata kimoja cha makanisa haya, ulizeni sababu. Swali la namna hiyo kutoka kwa wageni lina uzito kuliko sifa kwenye kitabu cha maoni, maana ndilo linalompa mhadhiri hoja ya kupeleka kwa wakubwa wake.

Picha hizi naziona kanisani kila Jumapili. Kuna haja gani ya kuzifuata chuoni?

Kanisani picha inakusaidia kusali, na ni sawa isikucheleweshe. Chuoni unaruhusiwa kuuliza mambo ambayo si rahisi kuyauliza katikati ya misa: nani aliichora, wapi, kwa nini aliipa rangi hii, nani aliilipia.

Nichukue mfano wa zile tulizozizoea. Picha ya Yesu mwenye nywele ndefu za kahawia, uso ukielekea pembeni, iliyo katika sebule nyingi hapa kwetu, ilichorwa na Warner Sallman wa Chicago mwaka 1940. Picha ya Huruma ya Mungu, yenye miale miwili, mweupe na mwekundu, ilichorwa kwanza mwaka 1934 mjini Vilnius na Eugeniusz Kazimirowski kwa maelekezo ya Sista Faustina Kowalska. Hata hivyo, ile inayojulikana zaidi duniani inatokana na mchoro wa Adolf Hyła, uliofanywa Poland wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mama aliyeitundika sebuleni miaka mingi hapotezi chochote kwa kuyajua haya. Nimeona mara nyingi watu wakirudi nyumbani na kuitazama upya picha ambayo walikuwa wameacha kuiona.

Pasta wetu anasema sanamu ni dhambi. Tunaweza kweli kwenda?

Swali hili nalipokea kwa heshima, kwa sababu anayeuliza hivyo anaichukua Biblia yake kwa uzito. Kutoka 20:4 inakataza sanamu ya kuchonga, na mstari unaofuata unakataza kuisujudia na kuitumikia. Endeleeni kusoma kitabu hichohicho. Katika 25:18 Musa anaagizwa atengeneze makerubi wawili wa dhahabu kwa ajili ya kiti cha rehema. Katika sura ya 31 fundi Bezaleli anajazwa roho ya Mungu, apate hekima na ujuzi wa kufua dhahabu, fedha na shaba, kukata vito na kuchora miti. Fundi mwenye mikono yenye vumbi anatajwa kwa jina lake na la baba yake, na kazi yake inahesabiwa kuwa karama.

Halafu kuna nyoka wa shaba. Katika Hesabu 21 anatengenezwa kwa amri ya Mungu ili watu waliogongwa na nyoka wamtazame wapone. Karne nyingi baadaye, katika 2 Wafalme 18:4, mfalme Hezekia anamvunja vipande vipande kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Kitu ni kilekile. Kilichobadilika ni namna watu walivyokitumia. Hapo ndipo mjadala wote ulipo, na ulichukua damu na miaka mingi. Mtaguso wa pili wa Nisea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 787, uliamua kwamba heshima inayotolewa kwa picha humwendea yule aliyechorwa, na kwamba ibada ni ya Mungu peke yake. Katika karne ya 16 Waprotestanti wengi walikataa uamuzi huo na kuziondoa picha makanisani mwao.

Kwa hiyo pasta wako na padri wa jirani wanaweza kusoma mistari ileile na kufika mahali tofauti. Kwenda makumbusho hakukulazimishi kuchagua upande. Hakuna anayesujudu humo. Mwalike pasta mwenyewe; wachungaji ni wageni wazuri sana, kwa sababu wanauliza bila kuogopa.

Kwa nini kuna Yesu mwenye sura ya Kiafrika? Si alikuwa Myahudi?

Alikuwa Myahudi, na jambo hilo lisisahauliwe. Lakini kila taifa lililompokea limemchora katika mazingira yake. Pieter Bruegel alichora Mamajusi wakimsujudia mtoto Yesu katika kijiji cha Flanders theluji ikianguka, na hakuna anayedhani kwamba Bruegel aliamini Bethlehemu iko Ulaya. Alitaka watu wa kijiji chake waone kwamba habari hii inawahusu.

Afrika Mashariki tuna historia yetu ya jambo hili, na inapita mlangoni petu. Mwaka 1937 Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa barazani kwake Kampala, na darasa hilo likaja kuwa shule ya sanaa ya Makerere. Miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo alikuwemo Gregory Maloba, mzaliwa wa Mumias, ambaye ndiye aliyetengeneza Mnara wa Uhuru wa Uganda uliozinduliwa Kampala mwaka 1962. Kwa hiyo mtoto wa Mumias anayesema sanaa ni ya watu wa mbali aambiwe jina hilo.

Katika shule hiyohiyo ya Makerere alisoma Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Tanzania. Mwaka 1959 alichora maisha ya Kristo kwenye kuta za kanisa la Murang'a lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Yesu wa Njau ni Mwafrika, na anazaliwa, anabatizwa na kusulubiwa katika nchi ya vilima na migomba. Michoro hiyo ilifanywa watu wakiwa bado na majeraha. Kumwona Kristo akiteswa kwenye ardhi iliyomwagikiwa damu jana tu si jambo la mapambo. Mkipata nakala ya michoro hiyo mahali popote, simameni hapo kwanza.

Sisi ni Waislamu. Watoto wetu waende na wenzao wa shule?

Hilo ni uamuzi wa wazazi, na mwalimu asilipuuze. Kinachosaidia ni kupiga simu mapema na kuuliza kuna nini ndani, ili familia iamue ikiwa na habari kamili. Kama kuna maandishi ya Kurani, ombeni mtoto anayejua kusoma herufi hizo awasomee wenzake, ikiwa yeye mwenyewe amependa. Nimeona uso wa mtoto ukichangamka kwa kupewa nafasi hiyo, na wenzake wakikaa kimya kumsikiliza. Adabu ya maandishi, mpangilio wa nukta na urefu wa herufi ya alifu ni sanaa iliyokomaa kwa karne nyingi bila kuhitaji sura ya mtu.

Niongeze hapa neno kwa ndugu zetu wa kanisa la Friends (Quakers), ambao nao huniuliza kitu kinachofanana. Wamisionari wa Friends walifika Kaimosi mwaka 1902 wakiwa na urithi wa nyumba ya ibada isiyo na sanamu wala madirisha ya vioo vya rangi. Ukuta mtupu pia umechaguliwa. Muumini wa Friends ana jambo la kuwafundisha wengine kuhusu mwanga unaoingia dirishani na utulivu wa chumba, na mwongozaji mwenye busara atampa nafasi aseme.

Nikiona msalaba nifanye ishara ya msalaba? Naweza kusali humo?

Unaweza. Usipaze sauti, usiwashe mshumaa wala ubani, na usiweke maua au noti mbele ya kitu. Baadhi ya vyumba hivi vilikuwa makanisa madogo zamani na mtu huhisi hivyo akiingia. Kikundi kikitaka kuimba wimbo mmoja, kiombe ruhusa kabla ya siku yenyewe. Mara nyingi jibu huwa ndiyo.

Kwa nini haturuhusiwi kugusa? Msalaba wa mawe utaharibika vipi?

Jiwe ndilo swali zuri zaidi, kwa sababu linatupeleka Tabaka.

Tabaka, katika Kaunti ya Kisii, ndiko linakochimbwa jiwe laini, au jiwe la sabuni, ambalo dunia inalijua kwa jina la Kisii. Ulaini wake unatokana na talki iliyomo ndani, madini yaleyale yanayosagwa kuwa poda ya watoto. Wachimbaji hulitoa machimboni kwa sururu na mitaimbo, na mchongaji hulipa umbo la kwanza kwa panga, kisha kwa patasi na kisu. Huko wanaume wengi huchonga, na wanawake wengi hufanya kazi ya kulainisha: wanakaa na beseni la maji, wanasugua kwa msasa, kuanzia ule mkali hadi ule laini, hadi alama za kisu zipotee. Mwisho hupakwa nta ndipo rangi ya jiwe inapojitokeza, nyeupe, kijivu, au waridi yenye mishipa. Familia Takatifu ya vipande kadhaa, ng'ombe na wachungaji wakiwemo, imepitia mikono ya watu wengi kabla haijafungwa na kusafirishwa.

Ndiyo sababu hukasirika kimoyomoyo nikiona kibandiko kimeandikwa "jiwe la sabuni, msanii hajulikani". Kule Tabaka anajulikana. Aliyelainisha anajulikana pia, ila hakuulizwa.

Kuhusu kugusa: mkono wenye afya kabisa hutoa mafuta na jasho, na jiwe laini huyanywa. Pete na bangili huacha mikwaruzo. Kidole kimoja hakionyeshi kitu. Vidole vya shule nzima kila muhula huacha doa jeusi kwenye paji la uso wa Bikira Maria. Kwa nguo, karatasi na rangi ya dhahabu madhara huja haraka zaidi. Lakini hamu ya kushika ni halali, hasa kwa watoto na kwa wasioona. Ombeni chumba kiwe na kipande cha kushikwa, hata kama ni bonge la jiwe ambalo nusu yake imelainishwa na nusu imeachwa ghafi. Hakigharimu pesa nyingi, na kinaeleza kazi ya fundi kuliko bango refu.

Tunaweza kupiga picha kwa simu?

Ulizeni kwanza, na zimeni taa ya kamera (flash). Mwanga hufifisha rangi, na madhara yake hujumlishwa mwaka hadi mwaka bila kupona. Vitu vya nguo na karatasi hushauriwa vikae kwenye mwanga hafifu wa luksi 50 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga), kwa hiyo msione chumba kina giza mkadhani wamesahau kuwasha taa. Kama msanii yuko hai, kazi yake ina hakimiliki. Kuiweka mtandaoni bila jina lake ni kumnyima haki. Na kama kitu ni cha kanisa lenye waumini walio hai, msikipige picha mkicheka mbele yake.

Watoto wa shule ya msingi watachoka. Tufanyeje?

Wape kitu kimoja kila mmoja. Mtoto achague, akae chini mbele yake, achore kwa penseli. Kalamu ya wino ibaki kwenye begi, na hivyo pia soda na mandazi. Akimaliza kuchora ndipo mwalimu aulize: mikono yake iko wapi, anamtazama nani, kimetengenezwa kwa kitu gani, aliyekitengeneza alianza upande gani? Muda wa kipindi kimoja cha darasa unatosha. Kuwapitisha mstari mrefu mbele ya vitu vyote huku mwongozaji akitaja tarehe ni kuwachosha bure.

Wagawe vikundi vidogo, wengine wabaki nje kwenye nyasi wakisubiri zamu. Ukumbi mdogo ukijaa watoto, hata mwenye nia njema hupiga kiwiko kitu.

Vyuo vingine duniani vina makumbusho kama haya?

Vipo. Chuo Kikuu cha Marburg, Ujerumani, kina mkusanyiko wa vitu vya dini za dunia ulioanzishwa 1927 na mwanateolojia Rudolf Otto. Saint Louis University, chuo cha Wajesuiti huko Missouri, Marekani, kilifungua mwaka 1993 makumbusho ya sanaa ya dini ya wasanii wa wakati huu, chini ya padri Terrence Dempsey, katika ukumbi uliokuwa kanisa dogo la Wajesuiti vijana waliokuwa masomoni. Kanisa lile halikuhitaji jengo jipya kuanza kazi nyingine. Vyuo vyetu vya Magharibi na Bonde la Ufa vina kumbi, vina idara za dini, na vina mafundi mlangoni. Chuo Kikuu cha Egerton tayari kinamiliki kasri la Lord Egerton karibu na Njoro na kinapokea wageni humo. Watu wa Nakuru wanajua inawezekana chuo kutunza mahali pa urithi.

Nimeachiwa rozari na kanzu ya ibada ya bibi. Niitoe kwa makumbusho?

Usifanye haraka. Zungumza kwanza na familia, kisha na kanisa lake, kwa sababu makanisa mengine yana utaratibu wa vitu vya marehemu. Mkikubaliana, takeni karatasi iliyotiwa sahihi inayosema wazi kama ni zawadi au mkopo, na kama ni mkopo, wa muda gani. Andika pia habari zake: jina, kijiji, kanisa, aliyeishona, alivyoivaa, nyimbo alizozipenda. Kanzu isiyo na habari hupoteza nusu ya thamani siku inapoingia kabatini.

Kabla ya kuipeleka usiifue kwa dawa kali wala kuipiga pasi ya moto. Ikunje na kitambaa safi cha pamba katikati, uiweke pakavu. Unyevu wa kandokando ya ziwa huleta kuvu, na mchwa na bungua hawasubiri.

Kikundi chetu hakina nauli ya kwenda mbali. Tuanzie wapi?

Anzieni kwenye jengo lenu wenyewe la ibada. Mkabidhini kijana mmoja kazi ya kuuliza wazee nani alichonga mimbari, nani alishona kitambaa cha altare, na nani alichora maandishi ya juu ya mlango. Andikeni majina mkiwa na wa kuwauliza.

Baada ya hapo ombeni kualikwa kwa majirani. Kisumu ina msikiti wa Jamia, mahekalu ya Wahindu na gurdwara za Masingasinga, zote ndani ya mji. Pelekeni ombi kabla, vaeni nguo za heshima, vueni viatu panapotakiwa, na kichwa kifunikwe mnapoingia gurdwara.

Na mkipata nauli ya safari moja tu, ningesema Tabaka. Kutoka Kisumu mnapita Ahero, Sondu na Oyugis hadi mji wa Kisii, kisha mnachukua gari la Tabaka. Nendeni siku ya kazi, asubuhi, mafundi wakiwa kazini, na muombe ruhusa kabla ya kusimama mbele ya banda la mtu. Mkinunua msalaba, lipeni bei bila kumkamua fundi, muulizeni jina lake na la aliyelainisha, yaandikeni yote mawili kwa penseli chini ya kitako. Jiwe lile huvunjika likianguka, kwa hiyo bebeni magazeti ya kulifunga na mfuko wenye nguvu.